Je, utafiti una uzito ukiaplai shule ya udaktari wa meno? Kisa cha binti mmoja wa Kibokoni

Kisa chenyewe ni hiki, na mwenyewe amenipa ruhusa nikieleze, ila jina lake na la chuo chake naviacha. Binti wa dadangu, mzaliwa wa Kibokoni, kasoma hapa hapa Mombasa mpaka fomu foo, akapata skolaship ya kwenda Marekani kusoma baiolojia kwenye chuo kidogo, na lengo lake tangu zamani ni udaktari wa meno. Mwanzo wa 2025, mwaka wake wa tatu ukielekea kuisha, akanipigia na swali ambalo tangu hapo nimeulizwa na vijana wengine kadhaa: khalati, hivi nisipokuwa na utafiti wa maana hawa watu wa shule za meno watanichukua kweli?

Mimi nafanya kazi kliniki ya meno huku Majengo, meno nayajua, lakini mambo ya kuingia shule za Marekani ilibidi tukae tuyasome pamoja, yeye kule mimi huku, usiku kwa usiku kwa sababu ya tofauti ya saa. Kwa hivyo ninachoandika hapa ni hali ya mtu mmoja, tulivyoipima na ilivyokuja kuishia, na mahali nitakapotoa maoni yangu nitasema ni yangu.

Hali yake ilikuwa hivi. GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, ilikuwa 3.5 kati ya 4, na wastani wa wanaoingia shule za meno Marekani ni karibu 3.6, yaani hayuko mbali lakini pia hana akiba ya kuchezea. Kemia ya oganiki, ambayo ni somo wanalolitazama sana, ilikuwa imeanza kuteleza, ameingia na A katoka na B ya chini. Alikuwa anafanya kazi jikoni ya chuo kuosha vyombo saa 10 kwa wiki apate pesa ya matumizi, na juu ya hiyo alikuwa anaingia maabara ya profesa mmoja wa maikrobiolojia saa 15 kwa wiki, bila malipo. Mtihani wa DAT, ule wa kuingilia shule za meno, alikuwa hajaufanya. Kukaa na daktari wa meno na kuangalia kazi, kitu ambacho shule nyingi zinataka, alikuwa na masaa machache tu ya hapa kwetu kliniki alipokuja likizo. Na profesa ameshamwambia abaki maabara likizo nzima ya Juni mpaka Agosti.

Sasa hapo nyumbani kila mtu ana lake. Dadangu haelewi kabisa hii habari ya utafiti, anasema mtoto alama zake ni nzuri, utafiti wa nini? Na mimi simlaumu manake hivyo ndivyo kwetu kunavyokwenda. Hapa Kenya ukitaka kusomea udaktari wa meno, chuo kikuu cha Nairobi au Moi, unaingia na matokeo yako ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, halafu KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wanaangalia pointi za klasta, baiolojia na kemia na masomo mengine yanayotakiwa, ukifika pointi na nafasi ziko unaingia, usipofika hata uwe umegundua dawa mpya hakuna wa kukuuliza. Utafiti unakuja ukishakuwa ndani. Hata Uingereza ambako pia mtu huingia akitoka tu sekondari, wanataka alama za juu, mtihani wa kuingilia unaoitwa UCAT kwa shule nyingi, barua na intavyu, hakuna anayemtarajia kijana wa miaka 18 awe na projekti ya maabara. Kwa hivyo kama wewe unasoma hapa ukiwa fomu thri au foo na unataka kwenda Nairobi au Uingereza, swali hili halikuhusu, nenda kasome kemia.

Ami yake naye, upande wa baba, anasema kinyume. Ana rafiki yake ambaye mwanawe yuko Marekani na amemwambia bila kuchapisha makala kwenye jarida usipoteze pesa ya fomu. Hii ndiyo ilimtia yule mtoto wasiwasi mpaka akawa halali.

Ukweli uko katikati lakini hauko katikati sawasawa. Marekani shule ya meno inaingiwa baada ya digrii ya kwanza, au angalau miaka kama mitatu ya chuo, na maombi mengi yanapita sehemu moja inayoitwa AADSAS, onlain, unajaza mara moja yanapelekwa kwa shule ulizochagua. Texas wana yao wenyewe. Ndani ya ile fomu kuna sehemu ya alama za chuo somo kwa somo, kuna DAT, kuna barua za walimu, kuna insha ya herufi 4,500 pamoja na nafasi baina ya maneno, halafu kuna sehemu ya mambo uliyofanya: kazi, kujitolea, kukaa na daktari wa meno, na utafiti. Utafiti una kisanduku chake, ndiyo. Lakini kuwa na kisanduku si kuwa sharti, na ukipitia masharti ya shule zenyewe moja moja utaona wanaandika kemia, fizikia, baiolojia, DAT, barua, lakini utafiti mara nyingi wanasema unapendelewa au wanauthamini, hawasemi usipokuwa nao usije.

Mimi nilimwambia mwanzo kabisa: alama na DAT ndizo zinazofanya mtu aifungue faili lako. Utafiti unafanya kazi faili likishafunguliwa. Ukizigeuza hizi mbili umekwisha.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii na ndilo lililobadilisha hesabu ya huyu binti, nalo ni pasipoti. Yeye ni Mkenya kwa viza ya mwanafunzi. Shule nyingi za serikali za majimbo kule zinawachukua kwanza watoto wa jimbo lao, na nyingine hazichukui kabisa mwanafunzi wa kigeni. Zinazobaki wazi kwake ni chache, na nyingi ni za binafsi, na kati ya hizo kuna majina kama Harvard, Pennsylvania, Columbia, ambazo utafiti ni sehemu ya maisha yao. Harvard, shule yao ya meno ipo tangu 1867, na mwanafunzi akiwa ndani anatakiwa afanye projekti ya utafiti. Kwa hivyo Mmarekani aliyekaa naye dawati moja, anayeaplai shule ya jimbo lake inayotafuta watu wa kwenda kutibu vijijini, anaweza kuuacha utafiti kabisa akaweka nguvu kwenye kujitolea na akaingia vizuri tu. Huyu wetu hapana. Kwa orodha yake yeye, kuwa na utafiti kidogo wa kweli kulikuwa na maana kuliko kwa mwenzake, na ukisoma ushauri wa kule onlain hutaambiwa hivi kwa sababu wanaoandika wengi wanawaandikia raia.

Basi tukarudi kwenye maabara yenyewe. Nikamuuliza swali moja tu, unafanya nini huko? Akaniambia nafanya utafiti wa bakteria wa meno. Nikamwambia hapana mwanangu, nieleze mikono yako inafanya nini.

Akaanza kueleza. Wanamkuza Streptococcus mutans, yule bakteria anayekula sukari akatoa asidi inayomomonyoa jino, huyu anajulikana tangu 1924 na wanafunzi wa meno dunia nzima wanamsoma. Wanamuweka kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kina kiasi tofauti cha sukari, wanamuacha usiku kucha ajenge ule utando wake unaonata, sawa na ule ukoko laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Kesho yake wanamwaga, wanasuuza, wanatia rangi ya zambarau, wanasuuza tena, halafu mashine inasoma kila kishimo kina zambarau kiasi gani. Zambarau nyingi, utando mwingi. Na kazi yake yeye kwa mwaka mzima ilikuwa kuandaa sahani na kusuuza, data anachukua mwanafunzi mwengine.

Nikamuuliza, na imewahi kuharibika? Akacheka akasema khalati inaharibika kila siku, sahani mbili za sukari ile ile zinatoa majibu mbali mbali, na yeye anashuku ni kusuuza, manake ukimwaga maji kwa nguvu utando unabanduka nao, na kila mtu pale anasuuza anavyojua mwenyewe. Je umemwambia profesa? Hajamwambia, anaona haya, yeye ni msuuzaji tu.

Hapo ndo nikaona utafiti wake uko wapi. Si kwenye masaa 15, si kwenye jina la profesa, na si kwenye makala ambayo ami anaililia, ambayo kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza inaweza kuchukua miaka na jina lako likawa la saba. Alikuwa na kitu alichokiona kwa macho yake, ana dhana kwa nini kinatokea, na kuna njia ya kukijaribu. Hicho ndicho mtu wa intavyu atakachotaka kusikia, na hakihitaji maabara kubwa.

Tukakubaliana mambo matatu na haya nayasimamia mpaka leo. Kwanza apunguze masaa, kutoka 15 mpaka 6, ili kemia ipone muhula ule ule, kwa sababu B ya chini ikifuatiwa na C hakuna utafiti wa kuifunika, mtu anayesoma faili ataona kijana aliyezidiwa na masomo akakimbilia maabara. Pili aende kwa profesa amwambie ile habari ya kusuuza, na aombe ndani ya yale masaa 6 aifanye iwe kazi yake, sahani zake mwenyewe, njia tofauti za kusuuza, aone. Tatu ile ofa ya likizo nzima aikatae kwa adabu.

Hili la tatu lilileta maneno. Ami yake aliona ni kama kutupa bahati. Lakini hesabu ilikuwa wazi. DAT ni maswali 280 kwa kikao kimoja, baiolojia na kemia zote mbili, kusoma kwa ufahamu, hesabu, na ile sehemu ya macho ambayo ni maswali 90 peke yake, unapanga pembe ipi ndogo ipi kubwa, unahesabu vijumba vilivyopangwa, unakisia karatasi iliyokunjwa ikatobolewa itakuwa na matundu wapi ikikunjuliwa. Hiyo sehemu ya macho huikuti kwenye vitabu vya darasani, inataka mazoezi ya kila siku. Na tangu Machi 2025 alama zinatolewa kwa kipimo cha 200 mpaka 600, zamani ilikuwa 1 mpaka 30, kwa hivyo ukikuta ushauri onlain unaokwambia pata 20 na kitu ujue ni wa kipimo cha zamani. Akaufanya huko huko mwisho wa Mei, kabla ya kupanda ndege, fomu akaituma Juni, mapema, manake shule nyingi zinaanza kusoma na kuita watu zinavyopokea, ukichelewa unagombea viti vilivyobaki. Halafu akaja nyumbani.

Alikuja kukaa na daktari wetu pale kliniki, anaangalia. Watu wanadhani hii ni kusimama kona na simu mkononi. Yeye alikuwa anafika kabla ya daktari, anaona vyombo vinavyotoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, anaona mtu mzima wa miaka 50 anavyotetemeka akiona sindano ya ganzi, anaona jino linavyojazwa, na zaidi anaona wale watoto. Sisi huku watoto ni mabuyu, kila lango la shule lina mabuyu na achari na juisi za rangi, na jioni kuna kaimati.

Siku moja mama kaingia na mwanawe wa miaka tisa, mtoto amevimba shavu, hajalala. Mama anasema ling'oeni tu daktari, si la utoto hilo, litaota jengine. Daktari akamwambia binti wetu aangalie, akahesabu naye kutoka mbele: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Jino la sita. Hilo gego linaota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno ya utoto, linatoka kimya kimya bila jino lolote kung'oka mbele yake, ndo maana wazazi hawajui kama ni la ukubwani. Likitoka hilo hakuna jengine. Mama yule alikaa kwenye kiti cha mgonjwa akanyamaza, jino lilikuwa limeoza mpaka kwenye neva na pesa ya kulitibu mzizi hana. Likang'olewa.

Binti akaniuliza jioni, khalati hawa huwa wangapi kwa mwezi? Nikamwambia ni wengi. Wengi kiasi gani? Sina jibu, rejista zipo lakini hakuna aliyekaa akahesabu. Akataka aanze kesho yake kuhesabu, na hapa nikamzuia, kwa sababu zile rejista zina majina ya watu na ugonjwa wao, na hapa Kenya utafiti una utaratibu wake, kamati ya maadili ipitishe kwanza halafu kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, na kutoka Julai mpaka Agosti hilo haliwezekani. Mtu anayekwambia mfanye harakaharaka mtaandika baadaye anakutafutia matatizo, na kwenye intavyu ukiulizwa nani aliidhinisha utasema nini? Akaliandika kama swali tu kwenye daftari lake. Sikuona hasara.

Intavyu zilikuja tatu, kuanzia Septemba. Ya kwanza, shule inayojulikana kwa kliniki, utafiti haukuguswa kabisa, waliuliza kuhusu kuosha vyombo jikoni, amewezaje kugawa muda, amewahi kukosana na mwenzake kazini wakamalizana vipi, na kwa nini meno na si udaktari wa kawaida. Ya pili vivyo hivyo, wakamuuliza kidogo habari za maabara halafu wakahamia kwa yule mtoto wa jino la sita ambaye alikuwa amemtaja kwenye insha, bila jina bila kitu cha kumtambulisha. Ya tatu ilikuwa shule ya utafiti. Huko mtu mmoja alimshika na ile sahani karibu muda wote. Kwa nini rangi hiyo? Inapima bakteria walio hai au utando wote? Akajibu inapima utando wote, walio hai na waliokufa, na hilo lenyewe ni upungufu wa njia. Mlijuaje kama tatizo ni kusuuza? Akaeleza walivyofanya, sahani moja nusu inasuuzwa kwa kumwaga nusu kwa kifaa cha kunyonya pole pole, mtu yule yule siku ile ile, na upande wa kumwaga majibu yakatawanyika zaidi. Mngefanya nini kama mngekuwa na mwaka mwengine? Hilo nalo alikuwa nalo.

Hana makala iliyochapishwa. Ana bango moja la kueleza utafiti wake alilolionyesha kwenye siku ya wanafunzi chuoni kwao, na barua ya profesa ambayo, kwa alivyodokezwa na mwenye kuiandika, imeeleza namna alivyokuja na habari ya kusuuza bila kuulizwa. Mimi naamini ile barua ilifanya kazi kuliko bango. Mwalimu aliyekuona ukifikiria anaandika kitu tofauti na mwalimu aliyekuona ukihudhuria, na kama hujakaa maabara basi mwalimu wa darasani aliyekujua vizuri anaweza kukuandikia barua nzuri vile vile.

Desemba majibu yakaja. Ya kwanza wakamkataa, ya pili wamemuweka kwenye orodha ya kusubiri, ya tatu, ile ya sahani, wamempa nafasi. Sasa ami anasema mmeona, utafiti. Nami nasema ni utafiti ndiyo, kwa shule hiyo, lakini kemia ilipanda kurudi A ya chini muhula aliopunguza masaa, DAT ilikuwa nzuri, na bila hivyo viwili asingeitwa kuulizwa habari za sahani. Ukiniuliza kwa kila kijana anayetaka njia hii nitakwambia angalia kwanza orodha yako ya shule na pasipoti yako. Kama alama zinayumba, acha maabara. Kama zimetulia na una mwaka au zaidi mbele yako, tafuta maabara moja, hata ndogo, hata si ya meno, ukae mpaka upate kitu cha kwako cha kueleza, na kama utafiti haukuvutii kabisa usijilazimishe, utaonekana. Kwa wale wanaowaza kuja kubobea baadaye, upasuaji wa kinywa au kunyoosha meno, au digrii ya meno pamoja na ya uzamivu, hao ni habari nyengine, utafiti watauhitaji zaidi na mapema.

Lililobaki sasa ni pesa, na hapa ndipo moyo wangu uko. Shule za binafsi kule, ukijumlisha ada na kuishi, nyingi zinapita dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka minne, mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mgeni, na kabla ya kupewa karatasi ya I-20 ya kuombea viza lazima uonyeshe pesa ya kuanzia iko wapi. Hili tungelikaa nalo mapema zaidi ya tulivyokaa na utafiti, wazazi wengi hawalijui mpaka barua ya kukubaliwa iko mkononi. Anaomba ufadhili sehemu mbili, na tumekubaliana shule ikiruhusu aahirishe mwaka mmoja. Akija kurudi na digrii hiyo pia kuna KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno Kenya, waliosomea nje wana mitihani yao kabla ya kuruhusiwa kutibu hapa, hilo analijua na hajasita.

Akiahirisha atakuwa hapa Mombasa mwaka mzima. Ameshamuandikia mhadhiri mmoja wa afya ya jamii kumuuliza kama atakubali kuwa msimamizi wa kuhesabu yale meno ya sita, kwa kibali kamili safari hii, na daktari wetu amekubali rejista zitumike kamati ikipitisha. Pendekezo limefika ukurasa wa nne, nami nimepewa kazi ya kusahihisha sehemu ya umri wa watoto.